Petty, Earnhardt au Johnson? Wote wana ubingwa saba. Uanze na nani

Tarehe 18 Februari 1979 theluji ilikuwa imefunga barabara za mashariki ya Marekani, na watu waliokwama majumbani wakawasha televisheni. Kituo cha CBS kilikuwa kinarusha mbio za magari za Daytona 500, zile kubwa kuliko zote za NASCAR, moja kwa moja, tangu bendera ya kijani hadi mwisho, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa mbio hizo. Mzunguko wa mwisho Donnie Allison anaongoza, Cale Yarborough anataka kumpita kwa ndani. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake njia. Wakagongana, wakagongana tena, magari yote mawili yakapiga ukuta na kuteremka kwenye majani. Karibu nusu mzunguko nyuma yao alikuwa anakuja mwanamume mrefu mwembamba katika gari namba 43, la buluu na nyekundu. Majira hayo hayo ya baridi alikuwa amefanyiwa upasuaji wa vidonda vya tumbo, na madaktari walimtaka apumzike. Akapita hapo, akashinda. Huyo ni Richard Petty. Kwenye majani, Bobby Allison alikuwa ameshasimamisha gari lake kumwangalia mdogo wake, na ngumi zikaanza kurushwa mbele ya kamera.

Wa nane siku hiyo alikuwa kijana wa Kannapolis, North Carolina, akikimbia Daytona 500 kwa mara ya kwanza. Jina lake Dale Earnhardt. Na upande wa pili wa nchi, El Cajon, California, mtoto Jimmie Johnson alikuwa na miaka mitatu.

Hao ndio watatu pekee waliowahi kutwaa ubingwa wa juu wa NASCAR, chama cha mbio za magari cha Marekani, mara saba. Kila mwaka mashabiki wanabishana nani mkubwa kuliko wote, na ubishi huo hauishi kwa sababu kila mmoja anapima kwa kibaba chake. Mimi naona kwa mtu anayeanza kuufuatilia mchezo huu kuna swali lenye faida zaidi: ufuatilie maisha ya nani kwanza? Ukimshika mmoja tangu mwanzo wake hadi mwisho, utaujua mchezo mzima kupitia yeye. Ukiwashika wote kwa pamoja utachanganyikiwa, maana tunazungumzia miaka zaidi ya sitini ya mbio.

Kwanza takwimu, ili tuzitoe njiani.

| | Petty | Earnhardt | Johnson |
|---|---|---|---|
| Kuzaliwa | 1937 | 1951 | 1975 |
| Namba ya gari | 43 | 3 | 48 |
| Miaka ya ubingwa | 1964, 1967, 1971, 1972, 1974, 1975, 1979 | 1980, 1986, 1987, 1990, 1991, 1993, 1994 | 2006 hadi 2010 mfululizo, 2013, 2016 |
| Mbio alizoshinda | 200 | 76 | 83 |
| Daytona 500 | 7 | 1 | 2 |
| Ushindi wa kwanza na wa mwisho | 1960, 1984 | 1979, 2000 | 2002, 2017 |

Ukiishia kwenye jedwali, Petty anawafunika. Mbio 200! Lakini soma kwanza.

Saba ya nani ina uzito gani

Tuliokua tukisubiri Safari Rally ipite barabarani na vumbi lake tumezoea dereva kushindana na saa, peke yake na msoma ramani wake. NASCAR ni kinyume. Magari karibu arobaini yanaanza pamoja na kuzunguka uwanja mmoja, mara nyingi wa mviringo, yakigusana. Asili yake ni magari ya kawaida ya dukani, yale ambayo baba angempelekea mama sokoni, na baadhi ya madereva wa mwanzo walijifunza kukimbia kwa kuwakwepa askari milimani wakisafirisha pombe ya magendo. Bill France aliwakusanya wenzake Daytona Beach, na mwaka 1948 chama kikasajiliwa.

Petty alikuta ratiba ya wenda wazimu. Msimu wa 1964, alipopata ubingwa wa kwanza, ulikuwa na mbio 62. Jumatano usiku mnakimbia kwenye uwanja mdogo wa udongo, mnafunga gari nyuma ya lori, mnaendesha usiku kucha, Ijumaa mko jimbo jingine. Mwaka 1967 alikimbia mbio 48 akashinda 27, kumi kati ya hizo mfululizo. Rekodi hizo mbili sitarajii mtu azifikie, kwa sababu siku hizi msimu mzima una mbio 36.

Wanaompunguzia Petty husema nyingi za mbio hizo zilikuwa fupi, na wengine aliokutana nao walikuwa mafundi wa mtaani wenye gari moja na matairi ya kuokoteza. Ni kweli. Ila mimi siikubali hoja hiyo ikiwa peke yake. Saba za Daytona 500 hazikupatikana kwenye uwanja wa vumbi. Zile ni kilomita 800, mizunguko 200, dhidi ya wote waliokuwa na uwezo wakati huo: David Pearson, Yarborough, akina Allison. Na ratiba ilipofupishwa mwaka 1972 ikabaki mbio 31, Petty alitwaa ubingwa mwaka huo huo.

Earnhardt alikimbia kwa hesabu ya pointi iliyoanza 1975, iliyomlipa dereva anayemaliza vizuri kila wiki hata asiposhinda. Ukivunja gari Machi, unalilipia Novemba. Ajabu ni kwamba dereva mwenye sifa ya kugonga watu ndiye aliyeshinda mara saba katika mfumo unaomzawadia mwangalifu. Watu huisahau nusu hiyo ya Earnhardt. Alijua ni siku gani nafasi ya tano inatosha.

Johnson alikuta sheria mpya. Kuanzia 2004 mbio kumi za mwisho zikawa mchujo: madereva wa juu wanasawazishwa pointi, kisha vita inaanza upya. Mwaka 2014 ikakazwa zaidi, wakabaki wanne tu wa kupigania siku ya mwisho. Wapo wanaokaa na kikokotoo wakipiga misimu yake kwa kanuni za zamani na kumnyang'anya makombe. Kwangu hiyo si haki. Dereva anacheza na sheria alizowekewa mezani, na hakuna mwingine aliyewahi kuzisoma sheria zake vizuri hadi akashinda miaka mitano mfululizo. Kabla yake rekodi ilikuwa mitatu, ya Yarborough, 1976 hadi 1978.

Walikotoka

Petty alizaliwa ndani ya mchezo. Baba yake, Lee Petty, alikuwa bingwa mara tatu na ndiye mshindi wa Daytona 500 ya kwanza kabisa, 1959. Walivuka mstari na Johnny Beauchamp sambamba hata ikabidi picha zichunguzwe siku tatu ndipo mshindi atangazwe. Nyumbani kwao Level Cross, gereji na nyumba ya kulala vilikuwa kiwanja kimoja. Ndugu yake Maurice anaunda injini, binamu yake Dale Inman ndiye fundi mkuu, yeye anashika usukani. Msidhani kuzaliwa hapo kulikuwa kubebwa. Mwaka huo huo wa 1959, katika uwanja wa Lakewood, Atlanta, kijana Richard alishatangazwa mshindi, na aliyepeleka malalamiko kwamba mizunguko imehesabiwa vibaya ni baba yake mzazi. Ikahesabiwa upya, na ushindi ukaenda kwa Lee.

Earnhardt naye alikuwa mtoto wa dereva, lakini wa ngazi nyingine. Kannapolis ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na baba yake, Ralph, aliona afadhali alishe watoto kwa mbio za viwanja vidogo kuliko kurudi kiwandani. Dale aliacha shule darasa la tisa, na mzee hakufurahi. Ralph akafariki 1973 kwa ugonjwa wa moyo, na kijana akabaki na magari, madeni na familia changa. Alikopa pesa akitegemea kuzilipa kwa atakachoshinda mwisho wa wiki. Mtu anayekimbia kwa ajili ya unga wa nyumbani hakuachii kona. Ukitaka kujua kwa nini aliendesha vile alivyoendesha, jibu liko hapa, miaka sita kabla hajashinda mbio yoyote ya daraja la juu. Alipofika alifika kwa kishindo: 1979 dereva chipukizi bora, 1980 bingwa. Hakuna aliyewahi kabla yake kuziunganisha hizo mbili mwaka kwa mwaka.

Johnson hakutoka ukoo wa NASCAR wala kusini ya Marekani. Alianza na pikipiki utotoni, akaenda kwenye malori ya jangwani. Katika mbio za Baja mwaka 1995 alisinzia kwenye usukani akapindua gari kule jangwani Meksiko, akakaa muda mrefu akisubiri kuokolewa. Mwenyewe amesimulia kwamba hapo ndipo alipojifunza kwamba kasi bila akili haimfikishi mtu. Mwaka 2000 alikuwa dereva wa kawaida wa daraja la pili. Jeff Gordon, aliyekuwa bingwa mara tatu wakati huo, ndiye aliyemwona, akamshauri bosi wake Rick Hendrick amchukue, na Gordon mwenyewe akawa mmoja wa wamiliki wa gari namba 48. Katika mbio yake ya 13 ya daraja la juu, ya kumi ya msimu wake wa kwanza kamili, Aprili 2002, alishashinda.

Mkono kwenye usukani

Hapa tofauti inaonekana kwa macho, hata kwa mtu asiyejua gari.

Petty alikuwa mtu wa ukuta. Kwenye viwanja vikubwa alipenda kupita juu kabisa ya kona, gari likiserereka kwa kipimo, akitunza matairi na injini mpaka robo ya mwisho. Sifa yake kubwa ilikuwa subira. Ukitazama picha za zamani kwa saa mbili huenda usimwone. Zikibaki dakika ishirini, yuko wa pili.

Johnson alikuwa laini. Usukani wake hautikisiki. Aliweza kuliacha gari lilegee nyuma kiasi ambacho wengi wangezunguka, na huo ulegevu ndio uliompa kasi ya kutoka kwenye kona. Uwanja wa Dover, ule wa zege wenye kona zinazoangusha gari kama ngazi, alishinda mara 11. Martinsville, uwanja usiofika kilomita moja ambako breki huwaka nyekundu, mara tisa. Kwa kuwa alifanya yaonekane rahisi, mashabiki wengi walimwona hana ladha. Hilo linaniuma. Mtu akipika pilau kila Jumapili na kila Jumapili lisiungue, watu huacha kumsifu, kisha siku asipokuwapo ndipo wanakumbuka.

Earnhardt sasa. Walimwita The Intimidator, mwenye kutia hofu, na gari lake jeusi namba 3 likijaa kwenye kioo chako cha nyuma unaanza kufanya makosa kabla hajakugusa. Mwaka 1987, katika mbio maalumu za The Winston, Bill Elliott alimsukuma akatoka kwenye lami kwa kasi kubwa, akapita kwenye majani yanayoruka, akarudi barabarani akiwa bado anaongoza. Watu hulisimulia kama tukio la kupita mtu kwenye majani. Hakumpita yeyote, alikuwa mbele tangu awali. Kilichowashangaza ni kwamba hakuinua mguu kwenye pedali.

Kuna na upande ambao sitaufunika. Bristol, Agosti 1999, Terry Labonte aliyekuwa na matairi mapya alimpita ukibaki mzunguko mmoja. Kwenye kona Earnhardt akamgusa bampa, Labonte akazunguka, Earnhardt akashinda. Uwanja mzima ukamzomea. Baadaye alieleza kwamba alitaka kumtikisa tu, hakukusudia kumgeuza. Nimeutazama mkanda huo mara nyingi na bado simwamini. Ukimchagua Earnhardt, umchague na siku hiyo pia.

Na ndipo ije Daytona. Uwanja huo alishinda mbio za kila aina, 34 kwa jumla, ila ile kubwa ya 500 ilimkataa. Mwaka 1990 alikuwa anaongoza mzunguko wa mwisho, amebakiza kona mbili, akakanyaga kipande cha chuma, tairi likapasuka, Derrike Cope akapita. Mwaka 1997 aligongwa ikibaki mizunguko michache, gari likabiringika. Akatolewa, akaingizwa kwenye gari la wagonjwa. Akiwa ndani akatazama nje, akaona gurudumu zote nne bado ziko. Akamwuliza mfanyakazi aliyekuwa anataka kulifunga gari kwenye la kuvuta kama injini inawaka. Ikawaka. Akateremka kutoka gari la wagonjwa, akamtoa yule mtu kwenye kiti, akaliendesha gari lililopondeka bodi mpaka mwisho. Alikuwa wa 31.

Mwaka uliofuata, 1998, jaribio la 20, akashinda. Siku moja kabla, mtoto wa kike anayetumia kiti cha magurudumu alimpa sarafu ya senti moja akamwambia ni ya bahati, naye akaigandisha kwa gundi kwenye dashibodi. Alipokuwa anarudi polepole kuelekea jukwaa la washindi, mafundi wa timu zote, wapinzani wake wote aliowahi kuwabana ukutani, walitoka wakapanga mstari mrefu kando ya njia ya matengenezo wakinyoosha mikono. Akawa anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine umetoka dirishani, anawapiga viganja mmoja mmoja. Sijui tukio jingine katika mchezo huu linalofanana na hilo.

Mtu wa nyuma

Ukiwatazama madereva peke yao umepoteza nusu ya hadithi.

Inman alikuwa na Petty katika ubingwa wote saba. Daytona 1981, kwenye kusimama kwa mwisho kwa matengenezo, wengine walibadilisha matairi. Inman akaamuru mafuta tu, bila tairi hata moja. Petty akatoka mbele na kushinda Daytona 500 yake ya saba. Muda mfupi baada ya hapo Inman akaondoka kwenda kwenye timu ya Earnhardt, na Petty hakuwa bingwa tena. Inman baadaye alipata ubingwa wa nane, na Labonte, 1984. Fikiria: fundi ana mmoja zaidi ya Mfalme, kama Petty anavyoitwa.

Richard Childress alikuwa dereva. Mwaka 1981 alishuka kwenye gari lake mwenyewe namba 3 ili Earnhardt apande. Wakatengana miaka miwili, wakarudiana 1984, na ubingwa sita ukafuata. Si wengi wanaoweza kukiri kwamba kiti chao kina mtu anayekifaa zaidi.

Lakini kama unataka kujifunza jinsi timu inavyofanya kazi, hakuna kama Chad Knaus, fundi mkuu wa Johnson. Texas, Novemba 2010: Johnson anapigania ubingwa wa tano, na vijana wake wa kubadilisha matairi wanakosea, anapoteza nafasi kila anaposimama. Gordon, wa timu hiyo hiyo ya Hendrick, akagongwa akatoka. Knaus hakungoja mbio ziishe. Aliwatoa vijana wake wote hapo hapo, akawachukua wa Gordon, mbio zikaendelea. Watu waliofanya kazi naye mwaka mzima wakabaki wamesimama na vifaa mikononi. Ni ukatili, na sidhani ningeweza kuufanya. Wiki mbili baadaye, Homestead, mbio ya mwisho ya msimu, Johnson aliyeingia akiwa nyuma kwa pointi 15 alitoka bingwa.

Knaus alikuwa pia na historia ya kubanwa na wakaguzi. Februari 2006 alifukuzwa Daytona kwa kuchezea dirisha la nyuma, na Johnson akashinda mbio hizo na fundi wa muda, Darian Grubb. Ambao hulitumia hilo kumsafisha Petty wakumbuke Charlotte 1983: gari namba 43 lilishinda likiwa na injini kubwa kuliko kanuni na matairi yaliyofungwa pande zisizoruhusiwa. Wakamtoza dola 35,000, wakamkata pointi 104, ushindi wakamwachia. Upo ndani ya zile 200.

Mwisho wao

Petty alishinda ya 200 Daytona, tarehe 4 Julai 1984, Rais Ronald Reagan akiwapo uwanjani. Ingekuwa mimi, ningeacha usukani siku hiyo. Yeye aliendelea miaka minane zaidi bila kushinda hata moja. Mbio yake ya mwisho, Atlanta, Novemba 1992, gari liligongwa likashika moto. Wakaliunga wakalirudisha ili amalize akiwa anaendesha. Siku hiyo hiyo, kwenye uwanja huo huo, Jeff Gordon, yule atakayekuja kumleta Johnson, alikuwa anakimbia mbio yake ya kwanza ya daraja la juu.

Earnhardt alifariki Daytona tarehe 18 Februari 2001, miaka 22 kamili tangu siku ile ya theluji. Mzunguko wa mwisho, kona ya nne. Alikuwa wa tatu, na mbele yake yalikuwapo magari mawili ya kampuni yake mwenyewe: Michael Waltrip na mwanawe, Dale Junior. Gari lilipanda likapiga ukuta kwa namna ambayo haikuonekana mbaya. Wengi tumeona gari likipinduka mara tano na dereva akatoka akipunga mkono. Lile lilisimama tu pale ukutani, kisha likateremka. Alivunjika kitako cha fuvu. Waltrip alikuwa anasherehekea ushindi wake wa kwanza baada ya mbio zaidi ya 460 za kukosa, hajui.

Kabla yake, katika muda wa miezi tisa, NASCAR ilikuwa imezika madereva watatu: Adam Petty, mjukuu wa Richard, mwenye miaka 19, kisha Kenny Irwin na Tony Roper. Kifaa cha kushika kichwa na shingo kilikuwapo, ila hakikuwa cha lazima. Oktoba 2001 kikawa lazima. Kuta zenye kunywa mshtuko zikaanza kufungwa mwaka uliofuata. Tangu hapo hakuna dereva aliyefariki katika mbio za daraja la juu. Kila ubingwa wa Johnson umepatikana nyuma ya kinga hizo, na yeye ameondoka kwenye msimu kamili mwishoni mwa 2020 akiwa na miaka 45, mzima, baba wa mabinti wawili.

Talladega, Juni 2020

Hili nimeliweka peke yake kwa sababu msomaji Mwafrika ataliuliza tu. Mchezo huu kwa miaka mingi haukuwa mahali pa mtu mweusi. Wendell Scott alishinda Jacksonville Desemba 1963, akimpita Petty mwenye gari lililochoka, na kombe alipewa mtu mwingine jukwaani kwanza kabla hesabu haijasahihishwa. Mwaka 2017 Petty alisema wazi kwamba asiyesimama kwa wimbo wa taifa hafai kuwa Marekani. Dereva wake wa namba 43 kuanzia 2018 alikuwa Bubba Wallace, dereva mweusi pekee wa daraja hilo.

Juni 2020 bendera ya Confederate, ile ya majimbo ya kusini yaliyotetea utumwa, ilipigwa marufuku viwanjani. Siku chache baadaye kamba iliyofungwa kitanzi ikakutwa kwenye gereji ya Wallace, uwanja wa Talladega. FBI baadaye walithibitisha kwamba ilikuwapo tangu mwaka uliotangulia na haikumlenga yeye, lakini asubuhi ile hakuna aliyelijua hilo. Johnson ndiye aliyewaandikia madereva wenzake kwamba wakati wa wimbo atasimama na Wallace. Wakaja wote, wakalisukuma gari namba 43 hadi mbele ya mstari. Na Petty, mzee wa miaka 82 ambaye korona ilikuwa imemweka nyumbani, alisafiri akasimama nyuma ya dereva wake, kofia yake kubwa kichwani na mkono begani kwa kijana. Hilo halifuti aliyoyasema 2017. Yote mawili ni yake.

Basi uchague

Kama unapenda historia, familia na jinsi mchezo wa vijijini ulivyogeuka biashara ya televisheni, mfuate Petty. Utahitaji uvumilivu, maana picha za mbio zake nyingi za awali ni chache na hazionyeshi kila kitu. Anza na Daytona 1979, kisha Daytona 1976, ambako yeye na Pearson waligongana wakiuona mstari na Pearson akauvuka akitambaa kwa mwendo wa baiskeli.

Kama wewe ni fundi, au mwalimu wa timu ya mchezo wowote, au unaendesha biashara na watu, chukua Johnson. Mbio zake zote zimerekodiwa vizuri, na mazungumzo ya redio kati yake na Knaus ni darasa. Homestead 2016 inatosha kukuonjesha: alisukumwa nyuma kabisa kwa kosa la ukaguzi, akangoja jioni nzima huku wapinzani wakimalizana, akaongoza mwishoni tu, akapata ya saba. Kofia yake ngumu siku hiyo ilichorwa sura za Petty na Earnhardt.

Mimi binafsi ninamwambia kila anayeniuliza aanze na Earnhardt. Si kwa sababu alikuwa bora kuliko wenzake. Mezani kwangu Petty anabaki wa kwanza kwa idadi ya mbio alizoshinda na Johnson kwa ubora wa miaka mitano. Ninamchagua kwa sababu yuko katikati. Alikimbia na Petty misimu kumi na minne kamili, na kifo chake ndicho kilichojenga mchezo ambao Johnson aliukuta. Ukimjua yeye, milango ya pande zote mbili iko wazi.

Na kama una jioni moja tu, tafuta Talladega ya Oktoba 2000, ushindi wake wa 76. Usitazame yote. Nenda moja kwa moja mizunguko mitano ya mwisho. Yeye yuko wa 18 hivi, kundi limebanana safu tatu, hakuna nafasi ya kupitisha hata kadi. Litafute gari jeusi, ulikazie macho, na uhesabu yaliyo mbele yake kila linapopita mstari.